Kabla ya Plasta Kulikuwa na Muono

Mwezi wa nne mwaka huu baba mdogo alinitumia video kwenye WhatsApp. Hakuweka salamu wala maelezo. Mashine ya bluu imesimama mbele ya ukuta, mahali fulani China, katikati ya nguzo mbili za chuma. Inapanda na simiti tumboni, inashuka, na nyuma yake ukuta umebaki laini kama sahani. Dakika tatu hivi. Halafu ikafuata sauti yake: "Wewe ndiye ulienda chuo. Niambie ukweli. Hii kitu itatumaliza ama haitatumaliza?"

Baba mdogo ni fundi wa plasta Awendo, kaunti ya Migori. Alianza kazi hiyo nikiwa darasa la tatu. Chuo anachokitaja nilikiacha mwaka wa pili, karo iliposhinda nguvu za nyumbani, na kwa miezi saba nikawa mtu wake wa mkono. Nilichekecha mchanga, nikakoroga, nikabeba karai, nikapanda jukwaa. Shilingi 500 kwa siku. Kwa hivyo ukiniuliza kuhusu plasta, kwanza nitakujibu kwa mgongo, kabla ya kukujibu kwa vitabu.

Lakini hakuwa anajiulizia yeye mwenyewe. Mdogo wangu wa kike alikuwa amemaliza kidato cha nne, na badala ya kungoja mtu amtafutie kozi, alitangaza mezani kwamba anataka kujifunza plasta kwa baba mdogo. Familia ilitoa mapingamizi mawili. La kwanza: msichana hapigi plasta. La pili: hata wavulana sasa waachane na hiyo kazi, mashine zinakuja. La kwanza halikujadiliwa, lilichukuliwa kuwa limejijibu. La pili nikaachiwa mimi, kwa sababu naandika kwenye intaneti na inaaminika kwamba watu wa intaneti wanajua habari za roboti.

Nikaanza kusoma kuhusu roboti. Nikaishia kusoma kuhusu kuta. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba yale mapingamizi mawili ni swali moja.

Tuanze na ukuta maarufu kuliko zote Migori. Thimlich Ohinga iko kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, upande wa kuelekea ziwani. Ni boma la mawe, na wataalamu wanasema huenda lilijengwa karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita moja u nusu na mita nne u nusu, na hazina tone la udongo wala saruji katikati. Jiwe limekaa juu ya jiwe, nje tabaka moja, ndani tabaka lingine, na katikati mawe madogo ya kuyashikanisha. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ukienda leo utamkuta mwongozaji atakayekuonyesha milango mifupi, ile ya kumlazimisha adui ainamishe kichwa kwanza ndipo aingie.

Kitu ambacho hutakiona ni nyumba. Watu hawakulala juu ya ukuta. Walilala ndani ya boma, kwenye nyumba za miti, udongo na nyasi, na nyumba hizo zilishaoza zamani. Sasa fikiria: mawe yamebaki, yana ulinzi na kibao cha dunia nzima. Zile kuta nyingine, zilizokuwa zinapakwa na kurudiwa kila zilipopasuka, hazikuacha kitu cha kupigwa picha.

Zilikuwa zinapakwa na nani?

Swali hili nilimpelekea dani, mama yake mama, anayeishi nje kidogo ya Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay. Nilikuwa nimeenda kumsalimia, na katika kupiga stori nikamwambia mjukuu wake anataka kuwa fundi wa plasta lakini watu wanasema hiyo si kazi ya wanawake. Dani alicheka mpaka akafuta macho na kanga. Akasema, "Kwani mimi nilikuwa nafanya nini maisha yangu yote?"

Kwa Dholuo kukandika nyumba ni muono. Mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi, na wazee wengi wa pande hizi watakwambia vilevile: wanaume walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakaezeka. Wanawake walichota maji, wakakanda udongo kwa miguu, na safu ya mwisho, ile inayoonekana, ikawa yao kabisa. Udongo wa mfinyanzi, kinyesi cha ng'ombe, majivu. Dani alinieleza vipimo kwa viganja, akanieleza ni udongo gani hupasuka na upi haupasuki, na kwa nini kinyesi kibichi ni bora kuliko kilichokauka. Nyasi alizotafuna ng'ombe zimo mle ndani kama nyuzi, na nyuzi hizo hushika udongo usitengane unapokauka. Sikuwa nimewahi kumsikia dani akizungumza kama fundi. Kosa ni langu, sikuwa nimewahi kumuuliza kama ninavyomuuliza fundi.

Nikamuuliza: ulilipwa ngapi? Akaniangalia kama nimemtukana. Muono haukuwa na malipo. Wanawake walikuja kwako leo, kesho unaenda kwao. Kulikuwa na uji, kulikuwa na nyimbo, na kulikuwa na aibu kubwa kwa mke ambaye ukuta wake ulibaki na nyufa.

Basi ushahidi wa kwanza ndio huo. Katika Migori na Homa Bay, mafundi wa kwanza wa kuta laini walikuwa wanawake. Ilikuwaje mpaka mjukuu wa mmoja wao aambiwe kazi hiyo si yake?

Jibu sehemu yake limo kwenye maneno tunayotumia mjengoni kila siku bila kufikiri. Saruji ni neno lililotoka Uajemi. Huko na Oman, saruj ni lipu ya zamani ya kuzuia maji, iliyotumika kwenye mifereji, mabirika na ngome. Pwani yetu mafundi walipaka chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 bado zina zidaka na nakshi za plasta ambazo fundi wa leo akiziona anavua kofia. Lipu, neno la Watanzania kwa plasta, linamkumbusha Mhindi kitenzi chake lipna, kupaka ukuta au sakafu kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Yaani muono huohuo wa dani, upande wa pili wa bahari.

Halafu kuna niru. Kila mtu aliyefanya mjengo Kenya anaijua: ule uji wa simiti tupu unaopakwa mwisho na kusuguliwa kwa mwiko mpaka ung'ae. Nilibeba ndoo za niru miezi saba nikidhani ni Kijaluo ama ni Sheng. Kumbe ni neno la Kihindi, niru, chokaa laini ya kumalizia ukuta. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, na Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India kuijenga. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki. Meli zikaunganisha Kisumu na Kendu Bay, Homa Bay na bandari nyingine za ziwa, maduka ya Wahindi yakafuata, na maduka hayo yalihitaji kuta. Fundi wa Kihindi akaja na neno lake. Mjaluo aliyembebea karai akajifunza kazi, na neno likabaki mikononi mwake. Hata karai lenyewe ni neno la Kihindi.

Na aliyebeba karai alikuwa mwanamume. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliweka kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa pesa. Pesa zilikuwa kwenye reli, kwenye mashamba ya walowezi, bandarini Mombasa, kwenye majengo ya serikali. Vijana wa kiume wa Nyanza wakaenda. Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kama ilivyokuwa kwenye misheni nyingi za wakati ule, mvulana alifundishwa useremala na uashi, msichana akafundishwa kushona na usafi wa nyumba. Hakuna aliyepitisha sheria kwamba mwanamke asishike mwiko. Kilichotokea ni kwamba kupaka ukuta kulipata mshahara mahali ambapo wanawake hawakuwepo.

Simiti ikamalizia. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, fundi wa matofali wa Leeds, Uingereza, alisajili unga aliouita Portland. Ulichukua zaidi ya miaka mia moja kuzoeleka huku kwetu. Kampuni ya East African Portland Cement ilianza 1933, na kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kikaanza kazi 1954. Kabla ya hapo simiti ilikuwa ya madaraja na ofisi za DC. Baadaye ikawa ya mtu yeyote mwenye mshahara wa kununua mfuko. Ukipita vijijini Rongo, Oyugis au Ndhiwa utaona nyumba ambayo watu huiita semi-pamanenti: ukuta wa fito na udongo, lakini juu yake plasta ya simiti. Ndani ni muono, nje ni plasta. Mke alifanya ya ndani bure. Fundi alilipwa kwa ya nje.

Na siku hizi hata hiyo inapungua. Mtu akipata pesa kidogo anazungushia nyumba mabati, chini hadi juu. Mabati hayahitaji muono wala plasta. Dani mwenyewe analala kwenye nyumba ya mabati aliyojengewa na wajomba zangu. Anasema mchana ni jiko, usiku ni friji, lakini haichoshi mgongo.

Turudi kwa video ya baba mdogo. Nilipotafuta ni lini hasa mashine ilianza kupaka kuta, nilitegemea kupata mwaka kama 2015. Nikapata 1907. Carl Akeley, Mmarekani aliyekuwa akiandaa ngozi za wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho, alikuwa amerudi kutoka kuwinda tembo hapa kwetu, enzi ambazo Kenya iliitwa British East Africa. Jumba la makumbusho la Field, Chicago, lilikuwa limeanza kubanduka plasta. Akeley akatengeneza bomba linalotema mchanga na simiti kwa nguvu za upepo, maji yakichanganyika mdomoni. Likaitwa bunduki ya simiti. Yeye mwenyewe alifariki Kongo mwaka 1926, akazikwa kwenye milima ya Virunga. Bunduki yake bado inafanya kazi duniani kote, kwenye mahandaki na mabwawa ya kuogelea.

Kwa hivyo mashine ya plasta ina zaidi ya miaka mia moja. Imemzidi umri dani. Kwa nini haijafika Awendo?

Nilimuuliza baba mdogo swali hilo na akanijibu bila kufikiri: "Nani Awendo ako na nyumba nzima ya kupigwa plasta siku moja?" Mteja wake wa kawaida ni mwalimu, au mtu wa bodaboda, au mkulima wa miwa anayengoja malipo. Anajenga chumba na sebule. Anapiga plasta ndani mwaka huu, nje mwaka ujao, jikoni Mungu akijalia. Mashine inataka ukuta mrefu ulionyooka, umeme usiokatika, mchanga uliochekechwa sawasawa, na kazi ya kutosha kulipia usafiri wake. Fundi anataka mwiko, ubao wa kusugulia, timazi, rula ndefu na chai. Ukuta ukiwa umepinda, na kuta zetu nyingi zimepinda, fundi anaona kwa jicho na kurekebisha kwa unene. Mashine inapaka upinde ukabaki upinde.

Lakini hii si habari njema ya kujipongeza nayo. Maana yake ni kwamba kinachomlinda fundi wa Migori dhidi ya roboti ni umaskini wa mteja wake na udogo wa malipo yake mwenyewe. Siku mteja akipata mkopo wa kumaliza nyumba yote kwa mpigo, ulinzi huo unaisha. Na siku hiyo si ndoto. Nyumba za bei nafuu zinajengwa kwa makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi, na kuta zake zinafanana zote, ghorofa juu ya ghorofa. Huo ndio ukuta ambao mashine inaupenda.

Watafiti wawili wa Oxford, Carl Frey na Michael Osborne, walipima kazi 702 mwaka 2013 wakasema asilimia 47 ya ajira za Marekani ziko kwenye hatari kubwa ya kufanywa na mashine. Namba hiyo ilizunguka dunia na nadhani ndiyo iliyofika, imechoka na imepoteza maelezo, mpaka kwenye meza yetu. Lakini ukiangalia mijengo ya Kenya, mambo hayaendi kwa mstari mmoja. Kilifi, kampuni ya 14Trees ilichapisha nyumba za Mvule Gardens kwa printa inayomwaga saruji tabaka juu ya tabaka. Printa ilisimamisha kuta, lakini paa, milango na madirisha yalibaki kazi ya mikono. Matofali ya kushikana, yale yasiyotaka simiti katikati, mwenye nyumba anaweza kuyaacha wazi, na hapo fundi wa plasta anakosa kazi bila roboti hata mmoja kuonekana. Upande mwingine, zile paneli za povu na waya zinazotengenezwa na Shirika la Nyumba la Taifa kule Mavoko zinamnyima kazi mwashi wa mawe, kisha zinampa fundi wa plasta kazi maradufu, kwa sababu paneli ni lazima ipakwe pande zote mbili. Na jipsamu, iliyoingia kwenye dari za kila nyumba mpya mjini Homa Bay na Migori, ilianzisha kazi ambayo baba mdogo hakuikuta alipoanza. Vijana wa jipsamu wanalipwa kumzidi.

Sasa naweza kusema nilichokiona. Kazi ya kupaka kuta pande hizi imewahi kuchukuliwa kutoka kwa watu wake. Ilichukuliwa kutoka kwa wanawake, polepole, kwa muda wa kama miaka sabini, na haikuchukuliwa na mashine. Ilihama. Ilipohama ilipata mshahara, ikapata jina la fundi, ikapata cheti. Waliobaki nyuma hawakuhesabiwa kama waliopoteza ajira kwa sababu hakuna aliyewahi kuiita ajira. Nenda mjengo wowote leo utawakuta wanawake: wanabeba maji ya kumwagilia plasta isipasuke, kwa malipo ya chini kuliko ya mtu wa mkono, au wanapika githeri ya saa saba. Yaani bado wako palepale, mita mbili kutoka ukutani.

Kwa hivyo ukiuliza kama mashine zitamaliza plasta, historia ya hapa inakurudishia swali lingine: kazi ikihama tena, itahamia mkono wa nani? Mashine ya bluu haijiendeshi. Kuna mtu anayepanga nguzo, anayejua mchanganyiko, anayeona kabla ya wengine kwamba ukuta utabanduka. Mtu huyo atatoka wapi? Kama yaliyopita ni mwongozo, atatoka kwa wale waliokuwepo pale pesa ilipofika, wakiwa na karatasi mkononi. Baba mdogo ana miaka kumi na mitano ya ujuzi na hana karatasi. Mtihani wa ufundi wa NITA, greidi ya tatu, ya pili, ya kwanza, amekuwa akiahidi ataufanya "kazi ikitulia." Kazi haitulii.

Nilimtumia jibu kwa sauti, dakika tisa, najua ni refu. Nilimwambia hii kitu haitakumaliza wewe, lakini inaweza kumpita mtu atakayejifunza kutoka kwako kama utamfundisha mwiko peke yake. Nikamwambia afanye mtihani mwaka huu, na huyo msichana afanye pamoja naye akishaiva. Ajifunze plasta, kisha jipsamu, na mashine ikija Migori awe mmoja wa watu wa kwanza kuigusa. Kuhusu lile pingamizi la kwanza, nikasema mniache, mwulizeni dani.

Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akatuma picha, na safari hii pia hakuweka salamu. Mdogo wangu amesimama mbele ya ukuta wa bafu la nje la mtu fulani, buti zimemzidi, simiti mpaka kwenye nyusi. Ukuta wake una mawimbi kama ziwa wakati wa upepo. Chini ameandika: "Siku ya kwanza. Ametupa robo ya mfuko chini. Nimemwambia arudie."

Nilimwonyesha dani picha hiyo mara ya mwisho nilipoenda Kendu Bay. Aliishika simu karibu na uso kwa muda mrefu. Halafu akaniambia nimwambie mtoto aloweshe ukuta kwanza kabla ya kupaka, ukuta mkavu unakunywa maji yote. Ni jambo lilelile alilonifundisha baba mdogo wiki yangu ya kwanza mjengoni, nikadhani ni siri ya simiti.